Maswali ya Wasomaji: Kumkumbuka Marehemu Kama Alivyokuwa

Safari hii tumekusanya maswali yanayohusu jambo moja: namna ya kuhifadhi kumbukumbu ya mtu aliyefariki ili atakayeisoma au kuisikia baadaye amtambue mtu yule hasa, si marehemu yeyote tu. Majina ya waulizaji tumeyaacha.

Kamati ya mazishi imenipa kazi ya kuandika wasifu wa mjomba. Nimeazima wasifu wa misiba mingine niangalie, nikakuta habari ni zilezile: alizaliwa, akasoma, akaoa, akaugua, akafariki. Mjomba alikuwa mtu wa vituko vyake. Tunazika Jumamosi. Nianzie wapi? (Msomaji, Moshi)

Pole sana na msiba, ndugu yetu. Wasifu mwingi hufanana kwa sababu huandikwa usiku wa kuamkia mazishi, na mtu mmoja, kutoka kwenye vyeti. Vyeti vinajua mjomba alisoma shule gani. Havijui alikuwa akigombana na nani kila Jumapili baada ya ibada.

Usisubiri Ijumaa. Chukua daftari leo, uongee na watu sita hadi wanane waliomjua kwa pande tofauti: ndugu aliyemtangulia kuzaliwa, mtu aliyefanya naye kazi, jirani wa ukuta kwa ukuta, mjukuu ambaye hajafika miaka kumi na tano, muuza duka aliyekuwa akimkopesha, na mtu mmoja ambaye mjomba alishawahi kukosana naye wakapatana. Huyu wa mwisho watu humruka, na mara nyingi ndiye mwenye habari nzuri kuliko wote. Asifuye mvua imemnyea, kwa hiyo mtafute aliyenyeshewa. Mjumbe wa kamati aliyekutana naye kwenye vikao tu hatakusaidia sana.

Kila mmoja umhoji peke yake, dakika 15 hadi 20. Ukiwakusanya chini ya turubai, wa kwanza akisema "alikuwa mcheshi", wote watafuata na ucheshi, hata aliyekuja na jambo lingine kabisa.

Usiulize "alikuwa mtu wa namna gani?" Swali hilo huleta sifa za jumla: mkarimu, mchapakazi, mpenda watu. Uliza matukio. Akikasirika alikuwa anafanya nini? Neno gani lilikuwa halimtoki mdomoni? Kitu gani alikataa kununua ingawa hela anayo? Alikuwa anaimba wimbo gani akidhani hasikiwi? Mtu akikujibu "alikuwa mkarimu", mrudishe taratibu: mara ya mwisho uliuona ukarimu wake lini, alitoa nini, alimpa nani? Andika maneno ya mhojiwa kama yalivyo, ya kilugha yabaki ya kilugha.

Kisha pima. Maneno 600 yanasomeka kwa dakika sita hivi ukisoma kwa utulivu, na hapo watu bado wanasikiliza. Kuzaliwa, shule, kazi, ndoa na watoto viishie kwenye maneno 200. Yanayobaki yagawe kwa visa vitatu vifupi, kila kimoja kikionyesha upande wake mmoja. Ugonjwa upate sentensi mbili. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: theluthi nzima ya wasifu inakwenda kwenye majina ya hospitali, tarehe za kulazwa na rufaa, mpaka mtu aliyeishi miaka sabini anakumbukwa kwa miezi yake minane ya mwisho.

Kabla ya kuchapa, wasomee wazee wawili, mmoja wa upande wa baba na mmoja wa upande wa mama. Kazi yao ni kukamata majina yaliyoachwa. Mtoto wa nje au mke wa kwanza aliyesahauliwa kwenye karatasi huzua ugomvi ambao familia hubeba miaka, na kalamu ya dakika mbili ingeuzuia. Mkitengeneza kitabu cha ratiba, kumbukeni kwamba karatasi ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne, kwa hiyo kurasa ziwe 4, 8, 12 au 16. Ukileta kurasa 10, mchapaji atakuongezea mbili tupu au atabana herufi hadi wazee washindwe kusoma.

Siku yenyewe soma kwenye karatasi, herufi za ukubwa wa 14 au zaidi, mistari iachane. Simu juani haisomeki, na hujizima katikati ya sentensi. Mpe mtu wa pili nakala, akae karibu nawe. Sauti ikikukata, aendelee palepale. Daftari lako usilitupe, kwa sababu yale uliyoyaacha nje ya wasifu ni mengi kuliko uliyoyasoma.

Sisi tunazika siku hiyohiyo, na makaburini hakuna kusoma wasifu wa mtu. Nyanya yetu alijulikana mtaa mzima kwa samaki wake wa kupaka. Hakuandika chochote wala hakupima kwa kijiko. Tutamhifadhi vipi? (Msomaji, Mombasa)

Mwenyezi Mungu amrehemu. Siku tatu za matanga watu wanakuja wenyewe na wanazungumza bila kuulizwa. Mteueni binti mmoja mwenye kumbukumbu nzuri akae upande wa wanawake, asikilize tu, na kila baada ya Isha aandike aliyoyasikia pamoja na jina la msemaji. Asirekodi kwa simu bila kuomba ruhusa. Wanaofanya arobaini wana nafasi ya pili, na wasiofanya wachague siku yoyote ambayo jamaa hukutana.

Mapishi sasa. Mtafuteni mtu aliyekuwa akimsaidia jikoni, aliyekuna nazi na kupepea makaa, si aliyekaa mezani. Mwambieni apike kama alivyokuwa akipika nyanya, kwa mikono, bila kupima. Ninyi wekeni kila kiungo kwenye bakuli lake: kitunguu thomu kilichotwangwa, tangawizi, bizari, ukwaju, chumvi, pilipili. Pimeni kila bakuli kwa mizani ya jikoni kabla hajaanza na baada ya kumaliza. Kilichopungua ndicho kilichoingia sufuriani. Mkimlazimisha apime kwa kijiko, mkono utapotea na chakula kitakuwa kingine. Tui la kwanza na la pili yapimwe mbalimbali. Andikeni pia alichofanya mkono wakati tui likiwa motoni, maana likichemka kwa nguvu bila kukorogwa hukatika, na namna alivyolituliza ilikuwa sehemu ya ufundi wake. Rudieni mara mbili au tatu, na waonje watu wawili waliokula kwake sana, kila mmoja bila kumsikia mwenzake. Mmoja akisema "ukwaju umezidi" na mwingine akasema hivyohivyo, punguzeni.

Lakini msiishie kwenye chungu. Ramadhani sahani yake ya kwanza ya futari ilikwenda nyumba gani? Nani alikuwa hapelekewi, na kwa nini? Orodha ya zile sahani inamweleza nyanya kuliko bizari. Na kama mnataka kumtolea sadaka yenye kuendelea, mojawapo ya yale mambo matatu ambayo hadithi ya Mtume iliyopokewa na Imamu Muslim inasema hayakatiki mtu akifa, itoeni mahali alipokuwa akipeleka mkono wake. Kuendelea kufuturisha nyumba zilezile kunamfuata yeye zaidi ya kununua kitu ambacho hakuwahi kukitaja.

Baba alikuwa mlevi na alimpiga mama kwa miaka mingi. Sasa wazee wanataka wasifu useme "baba mwenye upendo aliyeipenda familia yake". Ndugu zangu wamegawanyika. Ukweli tuusemeje? (Msomaji, Nakuru)

Pole, dada. Hili ni swali gumu kuliko yote yaliyotufikia, na tunalijibu kwa kutenganisha mahali pa kusema.

Mbele ya kaburi, wa kwanza kuulizwa ni mama yenu. Si wazee, si kifungua mimba. Yeye ndiye aliyepigwa, na yeye ndiye atakayebaki kijijini na maneno mtakayosoma. Akisema hataki jambo hilo litajwe, lisitajwe. Ila kunyamaza si sawa na kugeuza. Sentensi ya "aliipenda familia yake" iondoeni tu. Hakuna sheria inayotaka kila wasifu uwe nayo. Mahali pake wekeni mambo aliyoyafanya kweli na ambayo hayabishaniwi: shamba alilolifungua, ada aliyolipa, fundi aliyemfundisha kazi. Watu wa karibu watasikia kisichosemwa, na hawatahisi wamedanganywa mbele ya jeneza.

Mama akikubali, sentensi moja inatosha: "Miaka yake ya pombe ilikuwa migumu kwake, na ilikuwa migumu zaidi kwa mama na kwetu watoto." Haina tusi, haina hukumu, haitaji siku wala kipigo. Isomwe na mtu ambaye sauti yake haina hasira siku hiyo. Kipaza sauti si mahali pa kumalizia kesi. Anayelia kwa uchungu wa miaka ishirini huanza na sentensi moja akamaliza na kumi, na siku ile inageuka kuwa yake.

Ndani ya familia ni mahali pengine. Huko ukweli uandikwe wote, na mazuri pia, maana mtu aliyempiga mkewe anaweza kuwa ndiye huyohuyo aliyembeba mtoto mgonjwa mgongoni usiku hadi zahanati. Msichague upande mmoja mkauita ndiye yeye. Kila mtoto aandike kurasa zake peke yake, bila kusoma za mwenzake, aweke tarehe, jina na umri aliokuwa nao wakati wa matukio. Mtashangaa: wa kwanza na wa mwisho mara nyingi walilelewa na baba wawili tofauti, kwa sababu mzee alibadilika katikati. Bahasha ikabidhiwe mtu mmoja, na mkubaliane wajukuu watapewa wakiwa na umri gani. Isipigwe picha wala kutumwa kwenye kundi la familia.

Na kwa wale ndugu wanaosema kuandika mabaya ni kumtukana marehemu: mtoto aliyeshuhudia kipigo akisikia baba yake akisifiwa kwa upole, huanza kutilia shaka kila jema lililosemwa juu yake, hata yale ya kweli.

Mume wangu aliniachia jumbe nyingi za sauti kwenye WhatsApp. Naogopa kuzipoteza. Simu yake pia ninayo, ila laini sijaigusa. (Msomaji, Dodoma)

Pole sana, mama. Jambo la kwanza ni kutofanya chochote kwa haraka. Usiiondoe programu ya WhatsApp kwenye simu yoyote kati ya hizo mbili, usibadilishe simu, na usimpe fundi "aisafishe". Kama simu yake ina namba ya siri usiyoijua, usikisie mara nyingi, kwani baadhi ya simu zimewekwa zijifute baada ya makosa kadhaa.

Laini yake iwekewe salio kidogo na itumike mara kwa mara. Laini isiyotumika kwa miezi hufungwa na kampuni, kisha namba huuzwa kwa mtu mwingine. Huyo akijisajili WhatsApp, akaunti kwenye simu ya marehemu hujitoa. WhatsApp yenyewe hufuta akaunti isiyotumika kwa siku 120. Yaliyomo ndani ya simu hubaki, lakini usitegemee hilo.

Sasa nakili. Kwenye simu yako ya Android fungua sehemu ya mafaili, ingia Android, kisha media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, halafu WhatsApp Voice Notes. Utakuta mafolda yenye namba za mwaka na wiki. Mafaili huanza na PTT, kisha tarehe, na huishia na .opus. Nakili folda yote kwenye kompyuta. Sauti zako na zake zimechanganyika humo, kwa hiyo utazitenga baadaye, taratibu. Jumbe zile unazozipenda zaidi zitume pia kwenye barua pepe yako moja moja: bonyeza ujumbe kwa sekunde mbili, chagua kushiriki. Kisha toa mazungumzo yote kwa kuyahamisha pamoja na viambatisho, upate maandishi yenye tarehe. Kumbuka njia hiyo ina kikomo: ukichukua na viambatisho, inatoa jumbe za karibuni hadi 10,000 tu.

Faili la asili libaki lilivyo; ukitaka la kuchezeka popote, tengeneza nakala ya MP3. Weka nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye flashi iliyo nyumba nyingine, na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Flashi ifunguliwe angalau mara moja kwa mwaka, kwani ikikaa miaka bila umeme inaweza kupoteza ilichobeba. Kama ana akaunti ya Google, ujue Google inaweza kufuta akaunti ambayo haijaguswa kwa miaka miwili.

Kazi ambayo mashine haiwezi kukufanyia ni maelezo. Kwa kila sauti muhimu andika mstari mmoja: alikuwa wapi, alikuwa anajibu nini, kwa nini alicheka. "Sawa, nitaileta ile ya bluu" ni fumbo kwa mwanao miaka kumi ijayo. Ukinukuu maneno yake usiyasahihishe. Kama alisema "nshafika", usiandike "nimekwisha kufika". Hapo ungekuwa umeandika mtu mwingine.

Mama alipoteza kumbukumbu miaka minne ya mwisho. Alinisahau jina, akawa mkali. Nikifumba macho namwona yule wa kitandani tu, si mama niliyekua naye. (Msomaji, Mwanza)

Pole, kaka. Hii huwapata wengi waliouguza, na ina sababu za kawaida: ile ndiyo sura uliyoiona mwisho, kwa muda mrefu, ukiwa umechoka. Mara nyingi hata simu yako inasaidia kuizidisha, kwa kuwa picha nyingi za wazee hupigwa wakiwa wagonjwa, tena wakati wa kuaga mwili.

Picha hizo usizifute. Zihamishe kwenye folda yake, mbali na unapofungua kila siku. Halafu tafuta picha mbili kwa kila miaka kumi ya uhai wake, ukianzia ya zamani kabisa unayoweza kupata kwa ndugu, kwaya, chama cha akina mama, shule aliyofundisha. Za pasipoti na ndogo ndogo ziskaniwe kwa dpi 600 (yaani nukta 600 kwa kila inchi), za kawaida dpi 300 inatosha. Zilizonasa kwenye kioo cha fremu zisibanduliwe. Ziskaniwe zikiwa na kioo chake. Kuzipiga laminesheni ni kosa tunaloliona kila mahali: moto na gundi haviondoki tena, na picha huharibika ndani ya plastiki huku ukiitazama. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, kwa mkono mwepesi: jina kamili, mahali, mwaka, na nani mwingine yumo. Wino wa kalamu hupenya.

Kisha zipeleke kwa watu wa miaka ile. Profesa John Mbiti wa Kenya alieleza kwamba katika jamii nyingi za Kiafrika marehemu huhesabiwa yu hai kwa namna fulani maadamu bado wapo waliomjua kwa jina, jambo linaloweza kuchukua vizazi vinne au vitano. Kwa upande wako maana yake ni nyepesi: shoga wa mama wa mwaka 1975 ana mama ambaye wewe hukumwona, na mzee huyo anakwenda. Muwekee picha mkononi na unyamaze. Picha huvuta habari kuliko swali.

Na ile miaka minne usiitupe yote. Ugonjwa wa aina hii mara nyingi hula mambo ya karibuni kwanza, na ya zamani hubaki kwa muda. Pengine alisahau jina lako lakini hakukosea ubeti wa wimbo, au aliendelea kumkaribisha kila aingiaye chakula ambacho hakikuwepo. Hayo yaandike. Ukali ulikuwa wa ugonjwa. Ile karibu ilikuwa yake.

Tunajengea kaburi la bibi. Kitambulisho kinasema alizaliwa 1 Januari 1940, lakini wote tunajua tarehe hiyo ilibuniwa siku ya kujiandikisha. Tuandike nini? (Msomaji, Bukoba)

Msiandike tarehe mnayojua si ya kweli. Jiwe hudumu kuliko kitambulisho. Mwaka unakadirika kwa kufunga maisha yake kwenye matukio yenye tarehe. Ulizeni: Vita vya Pili vilipokwisha 1945 alikuwa anabebwa, anatembea, au bado? Uhuru ulipopatikana Desemba 1961 alikuwa ameolewa? Wakati wa Operesheni Vijiji katikati ya miaka ya 1970 alikuwa na watoto wangapi? Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimkuta na mtoto gani mgongoni? Meno ya utotoni huanza kung'oka karibu na miaka sita, kwa hiyo "alikuwa kibogoyo wa mbele" ni kipimo kizuri.

Ushahidi wa maandishi mara nyingi upo parokiani au usharikani: ubatizo wake, ndoa yake, ubatizo wa kifungua mimba wake. Mfano: kama alikuwa akibebwa mjomba wake aliporudi kutoka Burma baada ya Vita vya Pili, na mtoto wa kwanza alibatizwa 1963, basi takriban 1944 inaingia akilini, na 1940 haiingii. Andikeni "takriban 1944". Wekeni pia jina ambalo kijiji kilimwita, si la kitambulisho pekee, vinginevyo wajukuu watalipita kaburi wakimtafuta. Herufi zichongwe, maana za rangi hufifia kwa jua na mvua. Mpeni fundi maneno kwenye karatasi kwa herufi kubwa, mtu wa familia asimame pale anapoanza kuchonga, na mlipe sehemu ya mwisho ya fedha baada ya kusoma kila herufi.

Binamu ametumia akili mnemba kuifanya picha ya baba iongee kwa sauti yake, ikitubariki. Wengine wamelia kwa furaha, mimi nimekosa amani. Je, ninakosea? (Msomaji, London)

Hapana. Programu hiyo ilibuni maneno, baba hakuyasema. Hata bila sauti, programu zinazong'arisha picha za zamani hukisia meno, macho na mikunjo pale ambapo picha haina habari, na huwafanya watu wafanane. Kama familia inafarijika, video ibaki, lakini ibandikwe maandishi yanayoonekana kwamba imetengenezwa, nani kaitengeneza na lini, na isihifadhiwe folda moja na sauti zake halisi. Baada ya miaka kadhaa hakuna atakayekumbuka ipi ni ipi. Kama mnayo hata kanda moja ya harusi ambamo anaagiza viti vipangwe upya, itoeni hiyo kwanza muisikilize pamoja.